Marais wetu wa mwanzo waliachaje madaraka?

Wanafunzi wanaofika Nyerere Square hapa Dodoma hutaja historia ya Mwalimu Julius Nyerere bila kusita: kuzaliwa Butiama 1922, chama cha TANU 1954, Uhuru 1961, Muungano 1964, Azimio la Arusha 1967. Wanastahili pongezi. Sisi tunaofundisha historia tunaomba waulizwe pia: marais wetu wa mwanzo waliachaje madaraka?

Januari 1962, wiki kama sita tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kukijenga chama mikoani. Desemba mwaka huohuo akawa Rais wa Jamhuri.

Mkoa huu unamkumbuka kwa mengi. Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwatoa Wagogo kwenye matembe yao, yaani nyumba zao za jadi, yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yaletwe hapa, katikati ya nchi. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu. Lakini pengi watu walihamishwa kwa nguvu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa kama sukari na sabuni zilikuwa za kupangia foleni. Watoto waambiwe yote mawili.

Mwaka 1984 Katiba iliwekewa ukomo wa urais: vipindi viwili vya miaka mitano. Mwaka uliofuata Mwalimu akang'atuka. Hata hivyo, aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na katika mfumo wa chama kimoja hicho hakikuwa cheo kidogo. Upande wa Zanzibar, Rais wa kwanza, Abeid Amani Karume, hakupata nafasi ya kukabidhi: aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972.

Ali Hassan Mwinyi, aliyempokea Mwalimu urais, nadhani tunamfundisha kwa haraka mno. Tunamwita Mzee Rukhsa, tunataja biashara huria, tunapita. Ila huyu ndiye aliyejiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Hakuwatesa yeye, walioshtakiwa ni wengine. Lakini wizara ilikuwa yake, akaondoka. Halafu akiwa Rais aliunda Tume ya Nyalali iwaulize wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Wengi walitaka chama kimoja kibaki. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama mmoja kati ya watano. Tume ikashauri wachache hao wasikilizwe, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi kisheria. Miaka kumi ilipotimia, 1995, Mwinyi naye akaondoka.

Mrithi wake, Benjamin Mkapa, aliteuliwa na CCM hapahapa Dodoma, ukumbi wa Chimwaga, akiwashinda Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Katika enzi yake Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kazi 1996 na ada ya shule za msingi ikafutwa 2001. Mwaka huohuo waandamanaji waliuawa Zanzibar, na hilo pia liko katika kumbukumbu ya utawala wake. Akakabidhi 2005.

Ukumbi wa Chimwaga sasa uko ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwalimu anayeleta darasa mjini anaweza kukiandikia chuo barua mapema, kisha baada ya kuona sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square awapeleke wanafunzi huko, awaulize ni uamuzi upi kati ya haya wao wangeona mgumu zaidi kuufanya, na kwa nini.