Vidole vifuate mahali, amri zifuate herufi

"Yaya, Z haifanyi kitu."

Mdogo wangu alikuwa amekaa saa mbili mbele ya kihariri ninachokijenga, cha kupanga hatua za mchezo wa mdundo, ule ambao mchezaji hubonyeza vitufe kwa kufuata wimbo. Alikuwa akiweka noti za wimbo wa karindula, muziki wa kwetu Katanga, tuliourekodi wenyewe katika mtaa wa Katuba. Amekosea noti moja, anataka kuitendua. Nikamjibu bila hata kugeuka: shika Ctrl, bonyeza ile ya chini kushoto. Akabonyeza. Ukurasa ukafungika, na kazi yote ikaenda nao.

Kosa lilikuwa langu. Hapa Lubumbashi klavie (kibodi) za shule na za maofisini nyingi ni AZERTY, mpangilio wa herufi tuliouachiwa na Wabelgiji, lakini kompyuta zinazopandishwa kutoka kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huja na QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Nyumba moja inaweza kuwa nazo zote mbili. A na Q zimebadilishana mahali, Z na W vilevile, na M imehamia kando ya L. Mimi naandika programu kwenye QWERTY; yeye alikuwa na AZERTY. Palipo na Z kwangu, kwake pana W, na Ctrl pamoja na W ndiyo amri ya kivinjari ya kufunga ukurasa.

Kitufe kikibonyezwa, kivinjari huipa programu habari mbili. Ya kwanza huitwa `code`: kitufe kiko mahali gani kwenye klavie. Ya pili ni `key`: kitufe hicho kinaandika nini. Nilikuwa nimetumia `code` kwa kila kitu, kwa sababu kwa noti ndiyo sahihi kabisa. Anayepiga noti haangalii herufi, anahisi umbali kati ya vidole. Lakini amri ya kutendua mtu ameishika kichwani kwa jina lake, Z, na ataitafuta Z popote ilipo. Kwa hiyo sasa noti zinasikiliza `code`, amri zinasikiliza `key`. Na kila badiliko linahifadhiwa papo hapo ndani ya kivinjari, maana hata pasipo kosa langu umeme unaweza kukatika.

Kwa njia nne za noti nimechagua D, F, J na K. Ziko mahali pamoja kwenye klavie zote mbili, na F na J zina vile vinundu ambavyo kidole huvitambua gizani. StepMania, programu huria ya mchezo wa mdundo ya tangu 2001, huweka noti kwa tarakimu 1 hadi 4. Ni mpango mzuri, ila kwenye AZERTY safu ya tarakimu bila Shift hutoa alama na herufi zenye lafudhi kama é, kwa hiyo programu inayosikiliza herufi haitaona tarakimu hata moja.

Jambo lililonichukua muda zaidi ni hili: mtu apige noti wimbo ukiwa unacheza, au azipange moja moja kwa mishale wimbo ukiwa umesimama? Ninataka zote mbili, ila kupiga kwanza, kwa sababu mkono unajua wimbo kabla ya jicho. Tatizo ni hesabu. Kwa mapigo 140 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 107 hivi. Vifaa vya masikioni vya Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kupita milisekunde 100. Maana yake kihariri kitaisogeza noti kwenye mstari wa gridi ya mapigo ulio karibu, nao utakuwa mstari usio wake, na kila kitu kitaonekana kimenyooka. Ndiyo maana sikubali mtu aanze kurekodi kabla ya kupiga mapigo kumi na sita ya majaribio, ili programu ipime ucheleweshaji na kuuondoa.

Karindula nayo ina madai yake. Wimbo wetu ulipigwa bila metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, na wapigaji walizidi kukaza mwendo kadiri wachezaji walivyochangamka. Ukiweka mwendo mmoja tangu mwanzo, baada ya dakika mbili gridi iko kwingine kabisa. Kitufe cha T, ambacho nacho hakihami, kinapigwa kwa kufuata mdundo na kuweka mwendo mpya kuanzia hapo. Na pigo hugawanywa kwa tatu kwanza, si kwa nne. Mishale ya kushoto na kulia hubadilisha mgawanyo huo.

Kipanya nimekiachia noti ndefu, za kuvuta. Simu bado: kidole kinafunika noti ile ile unayotaka kuiona.

Kinachobaki ni klavie za bei ndogo, ambazo vitufe vitatu vikishikwa pamoja kimoja hakisikiki, kwa kuwa vinachangia nyaya. Mdogo wangu ndiye aliyeligundua hilo, akiurudia wimbo wa Katuba tangu mwanzo. Nimeongeza kidirisha kinachowasha kila kitufe kinachofika, ili mtu ajaribu D, F na K kwa pamoja kabla hajaweka noti ya kwanza.