Kulegeza nyuzi hakuharibu gita

Wapiga gita wengi huonywa kwamba ukiiacha tyuni (mpangilio wa noti za nyuzi) ya kawaida, E-A-D-G-B-E, shingo ya gita itapinda. Onyo hilo limewanyima watu sauti tamu bure. Kinacholiumiza gita ni mvuto mkubwa wa nyuzi, na tyuni nyingi mbadala huupunguza. Chukua G ya wazi, D-G-D-G-B-D, yaani nyuzi zikipigwa bila kubanwa hutoa kodi ya G, inayopendwa sana Hawaii: nyuzi tatu hulegezwa, wala hakuna hata mmoja unaokazwa.

Hatari iko kwenye kukaza. Uzi ukipandishwa toni nzima, yaani freti mbili, mvuto wake huongezeka kwa takriban asilimia 26. E ya wazi hupandisha nyuzi tatu, mbili kati yake kwa toni nzima, na mimi siwezi kuijaribu kwenye gita kuukuu ambalo daraja lake, pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gita, limeanza kubanduka. Badala yake lityuni gita kwa D ya wazi, D-A-D-F♯-A-D, halafu bana kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya pili. Noti ni zilezile za E ya wazi, ila gita halikubeba mzigo wowote wa ziada.

Uzi uliolegea mno utagonga freti na kukwaruza. Hapo funga nyuzi nene kidogo.