Kijiti Kinachotembea Chini ya Jiwe la Mto

Siku ukifika kwenye kijito cha milimani, tuseme kimojawapo cha vile vinavyoshuka kutoka Uluguru, inua jiwe lililo penye maji yanayokimbia, ligeuze, kisha tulia kidogo. Kile ulichodhani ni kijiti kitaanza kujikokota. Kichwa kitachungulia, halafu miguu sita.

Huyo ni buu wa Trikoptera, kundi la wadudu walio ndugu wa karibu wa vipepeo na nondo. Mdomoni hutoa uzi wa hariri unaonata hata ndani ya maji, na kwa uzi huo huunganisha chembe za mchanga, vijiti au vipande vya majani mpaka apate nyumba mfano wa ala ya kisu, iliyo wazi mbele na nyuma. Akitikisa tumbo, maji hupita humo na kumpa hewa. Jamii ya Pisuliidae, isiyopatikana kwingine ila Afrika na Madagaska, hujenga kwa majani, na majani hayohayo yaliyooza ndiyo chakula chake. Ukikata miti ya ukingoni umemnyima nyumba na ugali.

Hydropsychidae, jamii nyingine ya Trikoptera, hawana nyumba ya kubeba. Hawa ni wavuvi: hutega wavu wa hariri kuelekea mkondo, kisha hula kilichonasa, iwe mwani, mabaki ya mimea au vidudu vidogo. Maji yakisimama, wavu hauna kazi.

Wengi hudhani kumwona mmoja tu kunathibitisha mto ni safi. La. Katika mfumo wa Afrika Kusini wa kupima mito kwa wadudu, uliozaa TARISS, mfumo kama huo wa Tanzania, aina moja ya Hydropsychidae hupewa alama 4, mbili 6, zaidi ya mbili 12; alama zikipanda, ni dalili ya maji safi zaidi. Wingi wa aina ndio unaosema.

Na si sumu tu inayowaua. Udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni huziba nyavu na kujaza mianya ya mawe wanamojificha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukitembea kandokando ya vijito vyetu utaona mahindi yameanzia wapi.

Ukimaliza kutazama, rudisha jiwe kama lilivyokaa. Ukikuta nyumba iliyozibwa pande zote, usiibandue: mwenyewe yumo ndani, anaota mabawa.