Shahawa zipo, mbegu hazipo: tuijue njia ya uzazi ya mwanaume

Kliniki huwa nakutana na mwanaume ameshika karatasi ya maabara, anangoja mlango ufungwe ndipo aniulize kwa sauti ya chini: "Daktari, shahawa zinatoka kama kawaida, mbona wameandika mbegu hakuna?" Anaamini kipimo kimekosewa. Mara nyingi hakijakosewa. Shahawa ni majimaji, mbegu ni chembe zinazoogelea humo, na vitu hivi viwili havitengenezwi mahali pamoja.

Mbegu hutengenezwa kwenye korodani, ndani ya mamia ya vijirija vyembamba vilivyojikunja. Mbegu moja huchukua takriban siku 70 hadi iundike. Kandokando ya vijirija hivyo zipo seli zinazotoa testosteroni, homoni ya ndevu, sauti nzito, misuli na hamu ya tendo. Kazi ya kuunda mbegu hutaka joto la chini kidogo kuliko la mwili, pungufu kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi, ndiyo sababu korodani zimewekwa nje, kwenye mfuko wake. Kukiwa na baridi msuli huzivuta juu, kukiwa na joto huziachia. Moja ikining'inia chini kuliko mwenzake, na mara nyingi huwa ya kushoto, huo si ugonjwa. Lakini mtoto aliyefikisha miezi 6 na korodani yake haijashuka apelekwe hospitali, asisubiri akue.

Kila korodani hushikiliwa na kamba yenye mishipa ya damu. Kamba hiyo inaweza kujisokota, hasa kwa vijana, damu ikakatika. Maumivu makali ya ghafla ya korodani, pengine na kutapika, ni dharura: ndani ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa, baada ya hapo hupungua haraka. Nasikitika kila ninapompokea kijana aliyeona aibu kusema hadi kesho yake.

Mgongoni mwa korodani upo mrija uitwao epididimisi. Ukipapasa taratibu utausikia kama uzi laini uliorundikana, na wengi hushtuka wakidhani ni uvimbe. Ungenyooshwa ungefika kama mita 6. Mbegu huingia humo zikiwa bado haziwezi kuogelea sawasawa, zikapita kwa siku kadhaa zikikomaa. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kinundu kigumu kwenye korodani yenyewe, hata kama hakiumi. Hicho kionwe na daktari.

Kutoka hapo mrija wa mbegu hupanda kupitia kinena hadi nyuma ya kibofu. Huko mbegu hukutana na majimaji: karibu theluthi mbili hutoka kwenye vifuko vya shahawa, yakiwa na sukari ya kuzipa nguvu, na sehemu kubwa ya yaliyobaki hutoka kwenye tezi dume. Mbegu zenyewe ni asilimia chache tu ya ujazo wote, ndiyo maana aliyefunga kizazi haoni tofauti yoyote kwa macho. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo, hivyo ikitanuka uzeeni mkojo hutoka kwa shida.

Sasa turudi kwa mwenye karatasi. Ama korodani haziundi mbegu, ama zinaunda lakini njia imeziba. Kisonono au klamidia isiyotibiwa inaweza kuacha kovu kwenye epididimisi. Wapo pia waliozaliwa bila mrija wa mbegu. Upande wa korodani, sababu ninayoikuta na kunihuzunisha, kwa kuwa ingeepukika, ni sindano za testosteroni za kujenga misuli: ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Daktari atapima ukubwa wa korodani, atapapasa mrija, ataagiza kipimo cha homoni na kurudia cha shahawa. Hata homa kali ya mwezi uliopita hushusha idadi ya mbegu, na aliyeacha sindano leo asitarajie mabadiliko wiki ijayo. Kizazi kipya cha mbegu huhitaji karibu miezi 3, na kwa waliotumia sindano muda mrefu huweza kuchukua mwaka au zaidi.