Vita vya Burundi havikuanzia kwenye ndege ya Kigali

Wengi huamini kwamba maafa ya Burundi yalianza tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilipotunguliwa Kigali. Sivyo, na kosa hili linawafuta maelfu ya watu waliokwisha kufa kabla ya siku hiyo.

Chanzo ni kuuawa kwa Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, ambaye aliapishwa tarehe 10 Julai 1993 na kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Siku hiyo waliuawa pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Kwa hiyo nchi ilipoteza kwa pigo moja rais wake pamoja na wale waliopaswa kuushikilia uongozi kwa muda, jambo ambalo kwa maoni yangu halitajwi vya kutosha.

Mapinduzi yenyewe ya wanajeshi hao yalishindwa ndani ya siku chache, lakini mauaji yalikuwa yameshasambaa vijijini, Watutsi wengi wakiuawa na majirani zao, na Wahutu wengi wakiuawa na jeshi. Mamia ya maelfu walikimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Ntaryamira mwenyewe alichaguliwa na Bunge mwezi Januari 1994 ili kuliziba pengo hilohilo.