Wimbo Unachezwa, Mrabaha Hauonekani: Anzia Kwenye Karatasi ya Mgawanyo

Malalamiko ya waimbaji-watunzi wanaojitegemea yanaongezeka, na mengi tunayoyachunguza hayana mwizi ndani yake. Yana fomu iliyojazwa vibaya.

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani mashairi na melodi, na ya rekodi yenyewe. Kwa kawaida msambazaji wa mtandaoni, yaani anayepeleka wimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, hukusanya fedha za rekodi tu. Za utunzi hupitia chama cha kukusanya mirabaha, nacho hakimlipi asiyejisajili. Na tafadhali, kujitumia bahasha yenye CD kwa posta hakumpi mtu hakimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo haisubiri usajili. Usajili tunaouhimiza ni wa kufuatilia malipo.

Karatasi ya mgawanyo, yaani hati inayoonyesha kila mmoja ana fungu gani katika utunzi, ijazwe kabla hamjatoka studio: majina kamili ya kisheria pamoja na ya kisanii, namba ya IPI (namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtunzi) kwa aliye nayo, asilimia ya kila mmoja, tarehe na sahihi. Jumla iwe 100. Mwimbaji akijiandikia 60 nyumbani kwake, prodyuza naye akajiandikia 50 kwake, mfumo wa chama unasoma 110. Hapo mara nyingi kinachozuiliwa ni fungu lote, wala si ile 10 iliyozidi, mpaka wahusika walete makubaliano ya maandishi. Jina nalo lisibadilike: likiwa na "h" huku na kukosa "h" kule, mfumo unaona watu wawili.

Biti za mtandaoni zina mtego wake. Leseni isiyo ya kipekee, yaani inayoweza kuuzwa kwa watu wengi, hukupa ruhusa ya kuitumia biti, haikupi umiliki, na mara nyingi ina kikomo cha idadi ya usikilizwaji. Wimbo wa namna hiyo usiuingize kwenye mifumo ya kutambua sauti, ile inayodai kila video yenye sauti iliyosajiliwa humo. Utawafungulia madai wenzako waliolipia biti ileile. Masharti hutofautiana, kwa hiyo soma mkataba wako, si wa rafiki yako.

Kila rekodi hupewa ISRC, msimbo wa kimataifa wa kuitambulisha rekodi, wenye herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni 12. Remiksi au toleo la jukwaani hupata msimbo wake mpya. Ukihama msambazaji, rekodi ileile ibaki na msimbo uleule, na toleo la zamani usiliondoe mpaka jipya lionekane hewani.