Mtoano wa mechi moja kwenye uwanja huru: hoki ya vyuo vya Marekani inabishania nini?

Kila mwisho wa Machi, timu 16 za wanaume za hoki ya barafuni kutoka vyuo vikuu vya Marekani huanza kuwania ubingwa wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo. Mabingwa wa ligi sita huingia moja kwa moja; nafasi 10 zilizobaki hugawiwa kwa hesabu inayopima matokeo ya msimu mzima. Timu hupelekwa kwenye vituo vinne, nne kila kituo. Ukifungwa mara moja, umetoka. Anayeshinda mechi mbili kituoni hufuzu Frozen Four, yaani nusu fainali na fainali zinazochezwa Aprili katika mji mmoja.

Vituo hivyo ndivyo vinavyoleta mabishano. Kwa kawaida ni viwanja huru. Mwaka 2025, kwa mfano, vilikuwa Allentown, Fargo, Manchester na Toledo. Jumapili shabiki anasikia timu yake imepangwa wapi, na Alhamisi au Ijumaa mechi inaanza. Mwanafunzi atatoa wapi nauli ya ndege ya ghafla? Matokeo yake unawasha televisheni, mechi ni ya kufa na kupona, na viti vitupu vinaonekana nyuma ya kioo cha uwanja.

Na huo uhuru wenyewe una mushkeli. Chuo huomba kuwa mwenyeji wa kituo, na kanuni inasema kikifuzu lazima kipangwe hapo hapo. Mwaka 2024 Denver, waliopangwa wa tatu kwa ubora kati ya timu zote 16, walisafirishwa zaidi ya kilomita 2,500 hadi Springfield, Massachusetts. Waliowakuta huko ni UMass, wenyeji wa kituo, ambao chuo chao kiko Amherst, chini ya saa moja kwa gari. Denver waliponea chupuchupu kwa 2-1 katika kipindi cha pili cha nyongeza, kisha wakaenda kutwaa ubingwa. Wapenzi wa soka la Afrika hawatashangaa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya CAF 2022, iliyokuwa ya mechi moja, iliangukia Casablanca, nyumbani kwa Wydad. Al Ahly walilalamika weee, wakafungwa 2-0. Mwaka uliofuata CAF ikarudi nyumbani na ugenini.

Wanaotaka mabadiliko huchanganya mambo mawili, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Wapo wanaotaka raundi ya kwanza ichezwe kwenye viwanja vya timu zilizopangwa juu. Wengine wanataka idadi ya mechi iongezwe: timu mbili zikutane hadi moja ishinde mara mbili. Wazo hilo si geni, kwani kabla ya 1992 raundi za mwanzo zilichezwa vyuoni kwa mtindo huo.

Hoja ya mechi tatu ni kwamba hoki ina magoli machache, na kipa mmoja aliyeamka vizuri anaweza kufuta kazi ya msimu mzima. Ni kweli. Mwaka 2006 Minnesota, moja ya timu nne zilizopangwa juu, walikutana na Holy Cross huko Grand Forks. Mechi ilienda muda wa nyongeza, ambapo goli la kwanza linamaliza kila kitu, na Holy Cross wakalipata: 4-3. Mashabiki wa North Dakota, mahasimu wa Minnesota na wenye uwanja ule, walishangilia kana kwamba wameshinda wao. Mwaka 2013 Yale waliingia wakiwa wa 15, wakambwaga kila aliyekuja, na kwenye fainali wakawafunga 4-0 majirani zao Quinnipiac, waliokuwa wa kwanza.

Lakini mimi nasema hayo ndiyo yanayofanya watu waangalie. Ukiweka mechi tatu, Minnesota wanarudi kesho yake, wanasawazisha, na mwishowe Holy Cross wanasahaulika. Mechi moja ibaki. Kinachofaa kubadilishwa ni mahali. Timu iliyofanya vizuri tangu Oktoba ipewe barafu yake na mashabiki wake kwa raundi ya kwanza, na atakayeitoa pale awe ameitoa kwelikweli. Mashindano ya wanawake yanafanya hivyo tayari: timu nne za juu huandaa robo fainali nyumbani. Ligi ya NCHC nayo, moja ya zile sita, baada ya 2025, iliachana na uwanja huru wa St. Paul katika mchujo wake.

Wapinzani wana lao. Timu za ligi ndogo zinajua hazitakaribia kuwa wenyeji, kwa hiyo zinaona zitakuwa ugenini maisha. Baadhi ya viwanja vya vyuo pia ni vidogo: Lawson wa Western Michigan, mabingwa wa 2025, unachukua watu wasiofika 4,000. Kwangu, uwanja wa watu 4,000 uliojaa ni bora kuliko wa 9,000 wenye mwangwi. Kikwazo kizito zaidi ni mikataba. NCAA hutangaza vituo miaka kadhaa mapema, hivyo hata wakikubaliana leo, viwanja huru vilivyokwisha kupewa uenyeji itabidi kwanza vimalize zamu yao.